Niliwajazia Dodoso Watu Niliowakumbuka

Shangazi Coletha mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuwa upande huu wa kuandika, lakini nimebanwa na jambo ambalo siwezi kumwambia mwenzangu wa chumba wala padri, naomba unishike mkono.

Niko mwaka wa tatu, nasomea ustawi wa jamii, nimepanga chumba hapa Nyahanga, Kahama, na utafiti wangu wa kumalizia shahada unauliza jambo moja tu, wazee wa kijiji chetu kule Bukombe wanaishi na nani na nani anawatunza. Nilianza vizuri, Shangazi, Mungu ni shahidi, nilipata kwa mwenyekiti orodha ya kaya zote zenye mzee, nikaandika namba kwenye vikaratasi, nikavitia kwenye sufuria, nikachanganya na kuokota sitini bila kuchungulia, kama mwalimu wetu Festo alivyotufundisha kwamba kila kaya iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Nikahoji arobaini na mbili. Zikabaki kumi na nane zilizo ng'ambo ya mto, mvua ikanyesha siku nne mfululizo, mto ukajaa, bodaboda wakakataa kuvuka, na tarehe ya kurudi chuoni ikafika.

Sasa huko ng'ambo ndiko nilikolelewa na bibi yangu Agatha, Mungu amrehemu, nyumba zile nazijua hata nikifumba macho, nikasema moyoni kuna haja gani ya kumuuliza mtu kitu ninachokijua, nikakaa na kalamu hapa Nyahanga nikayajaza madodoso yote kumi na nane mwenyewe, kila mzee nikamwandikia mtoto au mjukuu wa kuishi naye. Na nikuambie ukweli wote, nilijaza huku nacheka na kulia, maana nilikuwa nimerudi nyumbani. Nilipofika namba arobaini na saba, kwa Mama Januari, nilisikia kabisa harufu ya michembe ya viazi na karanga, nikamwona anavyotugawia watoto wa nyumba tatu bila kuuliza nani ni wa nani, wanaume wakila nje penye moto, Januari na mdogo wake Mihayo wakigombea ukoko, na Jumapili kengele ya kigango ikilia yeye ndiye aliyetuosha nyuso sote kwa beseni moja la maji. Kwenye mkeka wa kulia walikuwa wakihesabika tisa wa nyumba ile, basi nikamwondoa Esta, binti yao wa mwisho, kwa kuwa aliolewa Katoro na harusini nilikuwepo, nikaandika wanaishi wanane.

Matokeo yalipendeza. Katika kaya sitini, kaya hamsini na moja mzee anaishi na mtoto au mjukuu, yaani asilimia themanini na tano, mwalimu Festo akasifu mbele ya darasa, na afisa ustawi wa kata akaomba nakala kwa sababu wanachagua kati ya kijiji chetu na cha jirani ni wapi waanze kupeleka watu wa kujitolea wa kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao.

Wiki iliyopita nilikwenda Bulyanhulu kumwona binamu yangu, nikakutana na Januari ana vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza mama hajambo? Akaniambia, "Mama hajambo, wengine wote tulishatawanyika, ila si yuko na Mihayo pale nyumbani. Mimi nachimba, duara langu halijatema dhahabu bado, mwaka wa nne huu sijakanyaga nyumbani." Namba ya Mihayo ninayo, nikampigia jioni hiyohiyo kumsalimu tu. Akasema, "Mimi? Mimi niko Isaka napakua malori tangu mwaka juzi. Kwani Januari hayupo nyumbani?"

Shangazi, nifanye nini? Utafiti nautetea baada ya wiki mbili. Nibadilishe hiyo namba arobaini na saba peke yake ninyamaze? Nikisema yote naweza kurudishwa mwaka mzima. Sikukusudia kudanganya, niliandika nilichokikumbuka, na nilikumbuka kwa upendo.

Ni mimi M., Nyahanga.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimekasirika, ya pili nikiwa nimesimama jikoni nakumbuka michembe ya mama yangu. Kwa hiyo ujue anayekugombeza ni mtu anayekuelewa.

Nianze na hasira. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, wewe ukaona kuuliza ni usumbufu. Ulichoandika kwenye yale madodoso si hali ya wazee, ni utoto wako. Utoto wako ulikuwa mtamu, hongera, lakini afisa wa kata hakuomba nakala ya utoto wako.

Unauliza kama ubadilishe moja tu. Hapana! Hilo moja umelijua kwa bahati ya kukutana na Januari njiani. Watoto wa zile kaya kumi na saba umekutana nao wapi? Yafute yote kumi na nane, na usiniletee ujanja wa kuziba pengo kwa kaya za karibu na barabara. Nyumba isiyofikika na bodaboda siku ya mvua ndiyo hiyohiyo ambayo vijana wameikimbia kwenda machimboni. Ndiyo maana mlifundishwa kuokota vikaratasi bila kuchungulia, ili wa ng'ambo naye aokotwe. Sufuria ilikuwa na haki kuliko wewe.

Sasa nikusimulie kitu. Mwaka 2002 nilikuwa karani wa sensa upande wa Ushirombo, kijana kama wewe, na kofia yangu. Mzee mmoja aliyeitwa Bujiku akanikaribisha vizuri, nikamuuliza mko wangapi hapa, akajibu, "Tuko kumi na mmoja." Nikaandika kumi na mmoja. Nilikuwa nimekalia kigoda pekee kilichokuwa katika uga ule na yeye amesimama, wala sikushtuka. Msimamizi wangu alinirudisha, akaniambia niulize swali kama lilivyoandikwa, nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mzee akasema, "Mimi. Na mbwa." Hakuwa amenidanganya. Kwetu mtoto akisafiri haondolewi kwenye hesabu ya nyumba, hata akikaa miaka kumi kwenye mashimo, maana kumtoa ni kama kumzika. Naupenda utaratibu huo na ninausikitikia mpaka leo, lakini serikali haiwezi kumpelekea mzee msaada ikiwa karatasi inasema anaishi na watu kumi wasiokuwepo.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hujalala, mpigie afisa wa kata umwambie nakala aliyonayo isitumike. Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu Festo, mweleze kwa kinywa chako mwenyewe kabla hajagundua, na usilie kabla hujamaliza kusema. Omba muda urudi ng'ambo. Akikunyima, tetea zile arobaini na mbili ulizohoji, ambazo katika thelathini na tatu mzee ana mtu wa kukaa naye, kama asilimia sabini na tisa hivi, na uandike wazi kwamba kaya za ng'ambo hazikufikiwa na kwa nini. Akikurudisha mwaka, rudi. Utaumia, utapona. Kuna maofisa wa ustawi wanaoishi maisha yao yote na takwimu za kubuni, na wazee ndio wanaolipa.

Januari na Mihayo usiwafiche kitu. Wapigie wote wawili na Esta pia, kila mmoja asikie kwamba mwenzake hayupo nyumbani. Hilo halingoji utafiti.

Kisha vuka mto, uanze na Mama Januari. Usitoe karatasi mlangoni. Msalimie, kaa, mwache akuite majina yako yote ya utotoni. Ukimuuliza wanaishi wangapi atakuambia tuko tisa, kwa sababu Esta hajamtoa, ulimtoa wewe. Usimbishie. Muulize nani alilala hapa jana, na nani alichota maji ya leo. Atakapokuambia ni yeye, andika mmoja, hata mkono ukikataa.