Mkwe Kafuata Kikapu Chake

Bertrams, Johannesburg
14 Oktoba 2003

Kwako Dada yangu mpendwa Melania,

Pokea salamu nyingi kama punje za mchele wa Ifakara. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, goti la kushoto limeacha kununa, na kuku wako hawajapungua. Mimi ni mzima. Meno yangu ni yale yale manne na yanafanya kazi ya kumi. Binti yangu Hyasinta hajambo, mumewe Bheki hajambo, wajukuu hawajambo, ila Kiswahili kwao kinaishia masikioni, mdomoni hakifiki. Nikiwasalimia wananijibu Kizulu, nami nawaitikia Kipogoro, basi tunaelewana sana.

Barua yako nimeipata. Unasema Hyasinta kakupigia simu akilia kwa furaha, kwamba mkwe wetu Baba Khanyile, babake Bheki, aliyekataa miaka kumi na miwili kuvuka kizingiti cha nyumba ya mwanawe, sasa kaja, kakaa, kala. Unasema umewatangazia akina mama wote wa parokia kwamba mdogo wako Dismas amejifunza adabu uzeeni, na misa ya shukrani umekwisha kuiagiza. Halafu mwishoni, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, unauliza: fimbo ya marehemu Baba haijambo?

Ya fimbo nitayafikia. Misa usiifute. Ila tafuta kiti kwanza.

Unakumbuka siku ile stendi ya Mahenge ulivyonikabidhi ile fimbo ya mpingo, ukasema niishike mbele ya mkwe ili ajue binti yetu hakuokotwa njiani. Ukaniapisha nisinywe mbele yake, nisifungue mdomo kabla yeye hajafungua wake, na juu ya yote nisithubutu kufanya utani. Ukasema mkwe ni mkwe, hata akikukanyaga unampa pole ya mguu. Niliapa, Dada. Nilikuwa na nia kabisa.

Na kinyongo cha mkwe tulikijua sote. Bheki alitoroka kwenda uhamishoni ana miaka kumi na saba, bila kuaga, akaishia kwetu Morogoro, kule Mazimbu kwenye kambi ya wapigania uhuru wa huku. Akarudi kwa baba yake mtu mzima, ana mke na mtoto mgongoni. Mzee hakuulizwa, hakuambiwa. Hakumchukia Hyasinta, alifanya tu kana kwamba hayupo. Kila sikukuu binti yangu alijifunika kichwa, akapeleka chakula Soweto, akapiga magoti, na mzee akakipokea mlangoni kama anavyopokewa mtu wa kusoma mita.

Basi nilipofika nilipelekwa kwake na adabu zako zote. Nilikaa saa mbili. Hakusema neno, nami kwa kiapo chako sikusema. Tulitazamana kama magunia mawili ya mkaa. Tulipotoka, Hyasinta akalia njia nzima. Akaniambia, Baba, ukirudi Mahenge hajaja kwangu, basi hatakuja tena, maana sina mwingine wa kumtuma. Hilo nililala nalo, nikaamka nalo.

Sasa sikia. Tarehe 24 ya mwezi uliopita huku ni sikukuu ya mila na urithi. Pale Newtown palikuwa na tamasha, watu kama siafu. Wavenda wana ngoma kubwa, ukisimama karibu figo zinahama. Wanaume wanacheza na mabuti ya mpira ya machimboni, wakiyapiga makofi kana kwamba yamewakosea. Kulikuwa na mzee mfupi, Msan, wa wale wawindaji wa jangwani, anapiga upinde kwa mdomo, sauti yake ndogo lakini watu mia wamenyamaza. Akina mama wana shanga, vyungu, mikeka, na mmoja aliniambia kwa ishara kwamba mkeka wake ni mzuri kuliko mimi. Nilikubali.

Mkwe naye alikuwepo na meza yake. Zamani alikuwa mlinzi wa usiku, na walinzi wa huku walizoea kukaa wakisuka nyaya za simu, hizi nyembamba za rangi rangi. Wanasuka vikapu, wanavisha rungu na fimbo. Fundi, Dada, tusimwonee. Hyasinta akaninong'oneza nimwamkie tu na kupita. Tulikuwa na Révérien, Mrundi jirani yetu anayeshona viatu, ambaye Kizulu anakijua kama kodi ya nyumba. Yeye ndiye mdomo wangu huku.

Nikainama niamkie. Mkwe akainua kichwa, jua likampiga usoni. Lo! Nikaliona lile paji. Paji la Mzee Komba, Mngoni wetu wa Mahenge, yule aliyejilaza kaburini siku ya kumzika Baba akagoma kutoka mpaka apewe jogoo! Ndipo akili ikanifunguka. Wangoni walitoka wapi, kama si huku huku? Na Mngoni kwa Mpogoro ni nani, kama si mtani, mwenye haki ya kukutukana na kukupora bila ugomvi? Nikasema moyoni, Dismas, huyu unamwogopa bure, ndani ya huyu mkwe amejificha mtani.

Mkono ukatangulia, mimi nikaufuata. Nikanyakua kikapu chake kikubwa kuliko vyote, chekundu na kijani, nikakifunika kichwani kama kofia, nikaondoka nacho.

Mkwe akapiga ukelele. Hyasinta akajificha ndani ya kanga. Révérien alimwita Yesu kwa lugha tatu. Jirani na meza palikuwa na jukwaa la kuchekesha, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa anaomba wazee nao wapande. Nikapanda. Révérien nikamvuta, akatafsiri kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu.

Nikawaambia mimi ni Mpogoro kutoka Tanzania, nimetumwa na babu zangu kuja kukamata wadeni wao. Nikawaambia babu zao walikimbia vita huku, wakakimbia mpaka kwetu wakihema, wakala kuku wetu, wakaoa bibi zetu, na mpaka leo hawajaaga. Nikasema nimemtambua mmoja wao, yule pale mwenye paji kama mlango wa ghala, na hiki kikapu nimekiteka. Watu walicheka wakashikana. Mkwe hakucheka. Alichukua rungu lake akaja, na umati ukampisha.

Dada, nilikuona wewe. Nilikuona na mwiko wako wa ugali umeuinua. Nikajua ndoa ya mtoto nimeizika kwa mdomo wangu mwenyewe.

Akapanda. Akanitazama toka unyayoni mpaka kwenye kikapu. Akakichukua kipaza sauti akasema polepole kwamba mgeni amesema kweli, waliokuja kwetu walikuwa wamekimbia. Walikuwa waoga. Ila ana swali moja: watu waliopigwa na waoga wanaitwaje?

Yesu na Maria! Uwanja ulilipuka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilipoinua macho, mkwe naye bega linamtetemeka, halafu la pili, halafu mzee mzima.

Tulikaa nyuma ya meza yake mpaka jioni. Akamwambia Révérien kwamba miaka kumi na miwili watu wote wanamjia wameinama na sauti za chini, kama yeye ni maiti anayeagwa. Akasema aliumia kwa sababu mwanawe alilelewa na watu asiowajua. Lakini mtu anayetukana babu zako ni mtu anayewajua babu zako. Nami nikamweleza sheria: kitu kilichotekwa na mtani hukombolewa nyumbani kwa mtekaji, kwa kula. Na mtekaji anaishi Bertrams. Akatikisa kichwa akasema eish, ndiyo "lo" ya huku.

Jumapili akaja. Alisimama getini akauliza mwizi yuko wapi. Kizingiti alikivuka bila kukitazama, kana kwamba hakijawahi kuwepo. Hyasinta alipomwekea firigisi mbele yake, mzee aliikata, akala, akamwita mwanangu. Hapo Bheki akatoka nje kwenda kuangalia gari. Gari hilo halina tatizo lolote.

Sasa Dada, fimbo.

Wakati wa kuaga, kwa mkono mmoja alichukua kikapu chake, na kwa wa pili akachukua fimbo ya Baba. Akasema naye sheria ameielewa. Tulicheka sana. Nilipokwenda Soweto wiki iliyofuata kuikomboa, sikucheka. Ameisuka, Dada. Yote. Waya mwekundu, kijani na njano, mistari kama mgongo wa kenge, kutoka chini mpaka shingoni. Mpingo umebaki kwenye kishikio tu. Baba akifufuka leo ataipisha njia akidhani ni mgeni. Lakini niseme ukweli: ni nzuri. Nimeishika nikaona aibu, nikaishika tena nikaona fahari.

Na haipo kwangu. Nilikula, nikashiba, akakataa kuitoa. Anasema fimbo ya baba hairudishwi kwa kitinda mimba, hurudishwa kwa mtoto wa kwanza. Kwa hiyo mwenye kuikomboa ni wewe. Anakuja nayo Mahenge Krismasi, na Bheki, na Hyasinta, na watoto. Anasema babu zake waliacha kuku kadhaa hawajaliwa.

Ameniuliza kama dada yangu naye ana ulimi. Nikamjibu ni mtu wa kanisa, utani haujui. Nimedanganya, nitaungama. Akina mama wa parokia hawakuwepo, lakini mimi nilikuwepo, na namkumbuka binti aliyetia pilipili kwenye pombe ya Komba alipotoka kaburini na jogoo wake.

Nisalimie majirani, Padre, na goti la kushoto. Hyasinta anakushika miguu. Révérien anauliza kama Mahenge kuna viatu vibovu.

Ni mimi mdogo wako, mtekaji aliyetekwa,
Dismas

Wanoneshe kuku. Pilipili unajua ilipo.