Simu ya Karakana

Kaka yangu mpendwa,

Natumai jua la jangwani halijakumaliza na baiskeli inakutii katika safari yako hiyo ndefu. Huku tu wazima, isipokuwa Baba. Uvimbe wa tumboni unakua, na daktari anataka ampasue haraka, lakini Baba hataki kuondoka karakanani. Ananifokea:

"Spoki za gurudumu zikikatika huko jangwani, mwanangu atampigia nani? Wewe? Wewe hata wateja unawasalimia kwa kunong'ona!"

Ni kweli, Kaka. Lakini tangu nimalize shule, ringi za magurudumu zilizopinda nazinyoosha mwenyewe, naye hazirudii tena. Ukishasoma hii, tafadhali piga simu siku hiyohiyo. Uliza swali gumu, hata kama baiskeli ni nzima, kisha useme unataka nikujibu mimi. Baba atakuwa anasikiliza. Nitapaza sauti.

Mdogo wako wa karakana