Vidonge Ndani ya Asali

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, wewe na wifi na watoto, na kwamba baridi ya huko imepungua. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Sisi huku wazima pia, ingawa uzima wenyewe wiki hii tumeupata kwa kubahatisha.

Ningekupigia, lakini nakujua. Ukisikia tu sauti yangu imepanda, ghafla mtandao unasumbua. Kwa hiyo naandika, halafu nitapiga picha kila ukurasa nikutumie kwenye simu leo hii. Soma yote, ukiwa umekaa.

Kaka, nimekukasirikia. Nimekukasirikia mpaka juzi nimeshona mkono wa gauni la mteja kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Unaijua dawa ya Mama ya kikohozi. Anatwanga tangawizi na kitunguu saumu kwenye kile kinu kidogo, anakamulia ndimu, anachanganya na asali, na chupa inakaa juu ya kabati la vyombo. Imetulea sote. Sina ugomvi na tangawizi, haijawahi kumkosea mtu. Ugomvi wangu ni na wewe, uliyeichukua dawa ya kikohozi ukaipandisha cheo ikawa dawa ya presha. Kila Jumamosi unampigia Mama kumsimulia uliyoyaona kwenye simu: vidonge vinaharibu figo, dawa zote ziko jikoni, watu wa zamani hawakumeza vidonge na waliishi. Tangu lini umekuwa daktari? Wewe ni fundi wa lifti! Mimi mshona nguo nikija kukuelekeza namna ya kufunga lifti, utanisikiliza?

Na Mama unamjua. Neno lako wewe, kifungua mimba wake, ni amri. Langu mimi ninayeishi naye ni kelele za cherehani.

Sasa sikia alichofanya. Mimi kila asubuhi namhimiza ameze vidonge vyake vya presha, wewe kila Jumamosi unamwambia aviache. Hakutaka kumuudhi yeyote kati yetu. Akachukua vidonge vyake vya mwezi mzima, akavitwanga pamoja na kitunguu saumu, akavikorogea kwenye asali. Nikimuuliza kama amekunywa dawa, anasema ndiyo, na ni kweli. Ukimuuliza wewe kama anatumia ya jikoni, anasema ndiyo, na ni kweli vilevile. Alijiona ametupatanisha. Mimi nikawa nashangaa tu mbona anapepesuka akitoka uani.

Jumanne nilikuwa dukani nashona. Kibonge wangu, mpwa wako, akaanza kukohoa, na Mama, bila kuwaza, akanyoosha mkono kwenye chupa kama alivyokuwa akifanya kwetu. Akampa kijiko kimoja. Mtoto kwa kupenda asali akaomba kingine, akapewa.

Nilipoitwa nilimkuta mtoto amelegea kama kitambaa kilicholowa, midomo imepauka, hata kulia hawezi. Jirani yetu fundi viatu aliacha kazi yake akatukimbiza zahanati.

Muuguzi akauliza, "Huyu mtoto amekula nini?"

"Asali tu, mwanangu. Asali na tangawizi," Mama akajibu.

"Bibi, hebu kumbuka vizuri. Asali na tangawizi havimfanyi mtoto hivi."

 Mama akakaa chini, pale pale sakafuni, akasema yote mbele ya watu. Kaka, sijawahi kumwona mama yetu amekaa sakafuni mbele ya wageni, na sitaki kumwona hivyo tena.

Walimlaza mtoto mpaka mapigo ya moyo yakarudi sawa. Amepona, anakimbia uani, na ameshaomba asali. Mimi bado sijapona.

Mama ndiye ananitia hofu sasa. Amepewa vidonge vipya, na muuguzi ameonya asiruke hata siku moja. Hagusi. Jikoni haingii. Anasema mkono wake haufai tena kushika dawa yoyote, ya dukani wala ya kinuni. Nikimsihi ananijibu, "Ngoja Jumamosi, nimsikie kaka yako atasemaje."

Jana ilikuwa Jumamosi. Alioga mapema, akakaa na simu mpaka taa zikawashwa. Hukupiga.

Amenikataza nisikwambie haya. Eti utasononeka, na huko ugenini huna wa kukubembeleza. Unaona? Amekaa bila dawa, na anakuonea huruma wewe.

Sitaki uniombe msamaha, na usinitumie maelezo yoyote uliyoyaona popote. Mpigie Mama. Mwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, na kwamba kidonge kinamezwa kizima, kwa maji. Usimfokee kwa ajili ya mtoto. Ukimfokea, usinijue tena.

Nisalimie wifi na wanangu wote, na shangazi ukimwona. Fundi viatu anakusalimu, ingawa nilimwambia asihangaike. Mungu akulinde huko uliko na akulainishie ulimi.

Naishia hapa. Mama yuko mbele yangu, kidonge kiko kwenye kisosi, na simu ameipakata.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Mdogo wako.