Siku Kaya Yetu Ilipoitwa Kuwinda Fisi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako anachungulia. Mgongo wako unaendeleaje tangu ile kazi ya kushusha saruji kwenye mabehewa hapo Isaka? Na mvua, imefika Ngokolo, au bado mnanunua maji ya toroli? Sisi huku ni wazima. Shangazi amepata nguvu, na pacha wake hawajui kusubiri zamu: Kulwa akianza kunyonya, Doto analia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini.

Baba, uliniambia kwenye simu, “Mtandao unakatika. Andika, nieleze yote, usifiche, ndipo niamue.” Ukasema pia nifungashe begi, kwa kuwa rafiki yako dereva atapita huku Jumamosi na lori, na kama fisi hawajaisha nirudi naye nyumbani. Unajua ninachotaka mimi. Nataka nimalize kidato cha nne hapa, kwenye shule yenye maabara na mwalimu wa fizikia asiyechoka kuulizwa. Lakini kwanza nikupe habari, na habari yenyewe ni kubwa: tumewinda fisi, na mimi nilikuwemo.

Usikunje uso kwanza. Soma.

Baada ya yule mtoto wa jirani kung'atwa bega akichunga (amepona, sasa anamwonyesha kovu kila mgeni), fisi alirudi akachukua mbuzi wa Shangazi mchana kweupe. Mwenyekiti wa kijiji akaomba msaada, wakaja maafisa wawili wa wanyamapori na bunduki. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, ukapigwa mwano, lile yowe la kwetu Usukumani ambalo likilia kila kaya hutoa mtu. Kaya isiyotoa mtu inatozwa mbuzi. Tena bora mbuzi, kuliko siku ya shida yako ulie wewe na asitokee mtu.

Baba Kulwa yuko maduarani anachimba dhahabu, na simu haimfikii huko chini ya ardhi. Shangazi aliwatazama pacha, akautazama mlango. Nikamwambia, “Nitakwenda mimi.”

“Baba yako akisikia atanimeza.”

“Anayemeza ni fisi, Shangazi. Baba huuliza kwanza.”

Akacheka, akanifunga kanga yake kiunoni juu ya sketi ya shule, akanipa fimbo ya mumewe na debe tupu la kupiga.

Tulikusanyika kwenye uwanja wa mnada. Kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, alikuwa akiita kaya moja moja, na wanaume wanaitikia kwa sauti nzito. Akafika kwetu.

“Kaya ya Baba Kulwa!”

“Ipo,” nikajibu.

Akainua macho. “Nimeita kaya. Sijaita darasa.”

Watu wakacheka. Jirani yetu Mzee Lufunga, mwenye meno machache na maneno mengi, akasema, “Mwache, Kamanda. Fisi akiiona hiyo sketi atadhani ni mkaguzi wa shule. Atajileta mwenyewe.”

Kamanda hakucheka. Akaniuliza, “Unajua kukimbia?”

“Najua.”

“Basi leo usikimbie. Simama utakapowekwa, piga debe, usitoke mpaka nipulize filimbi yangu. Umesikia, binti?”

“Nimesikia, Kamanda.”

Baba, hii milima ya huku ukiiona kutoka barabarani unafikiri ni rundo la mawe tu. Ukiingia ndani unakuta vichochoro kama vya mjini. Mawe makubwa kuliko nyumba yamepandana, katikati yake miiba, na huku na huku mashimo ya wachimbaji wa zamani ambayo hayakufukiwa. Humo ndimo fisi wamejenga. Tulipanga mstari mrefu kuuzunguka mlima, kila mtu akimwona mwenzake wa kulia na wa kushoto. Maafisa walijificha upande wa pili, penye upenyo kati ya mawe mawili. Kazi yetu ilikuwa kupiga kelele ili fisi waelekee kule. Mimi niliwekwa karibu na Mzee Lufunga.

Filimbi ya kuanza ikalia. Debe, ngoma, sufuria, watu wakipiga ukunga, mlima wote ukawa kama unatikisika. Sikuwa na hofu ile ya kutaka kulia. Ilikuwa kama dakika ile kabla mwalimu hajasoma matokeo, unapotaka kusikia na hutaki.

Ndipo akatokea. Alitoka kwenye tundu chini ya jiwe akasimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia harufu yake. Ni mkubwa, Baba. Mabega yako juu, mgongo unateremka kama paa la banda. Hakucheka kama wanavyosimulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyekukuta umekaa kwenye kiti chake.

“Piga, mwanangu,” Mzee Lufunga akasema bila kupaza sauti. “Usimwonyeshe mgongo.”

Nikapiga lile debe mpaka likabonyea. Fisi akageuza kichwa, akashuka mbio kuelekea kwenye upenyo. Tukasikia bunduki mara moja, halafu kimya, halafu kelele za furaha kutoka upande ule. Baba, sijawahi kusikia watu wakifurahi namna ile, hata sikukuu.

Sasa nikiishia hapo barua itakuwa tamu, na Shangazi amenishauri niishie hapo. Lakini ulisema nisifiche.

Bunduki ilipolia, sote tulikimbilia kule kumwona fisi aliyekufa. Filimbi ya Kamanda ilikuwa bado. Mzee Lufunga alikimbia na meno yake machache, na mimi nilikimbia pia, debe nikaliacha. Tulipokuwa tumeuzunguka mzoga, wengine wakipigana picha, mama mmoja akapiga kelele akituonyesha bondeni. Fisi wa pili alikuwa anakatiza shamba la pamba, hana haraka hata kidogo. Tuliporudi tulikuta nyayo zake zimepita juu ya alama za viatu vyangu na vya Mzee Lufunga, na debe langu limeangushwa.

Kamanda alitutazama mmoja mmoja. Akasema, “Mmekimbilia mzoga, mmemfungulia mzima mlango.” Mzee Lufunga aliinama akaliokota debe langu.

Kwa hiyo, Baba, jibu la swali lako ni kwamba fisi hawajaisha. Amebaki mmoja, na amehamia kilima cha ng'ambo. Lakini hajarudi kuchukua mfugo tangu siku ile, na maafisa hawajaondoka. Kijiji kimepanga zamu: kila asubuhi watu wawili wa sungusungu wanatupeleka wanafunzi shuleni na jioni wanaturudisha, sote kwa kundi moja. Mwano utapigwa tena maafisa wakishajua anakolala. Kaya yetu itaitwa, na kama Baba Kulwa hajarudi, ningependa niitike tena. Safari hii nitasimama mpaka filimbi.

Najua unaweza kusoma haya yote ukasema hapana. Sitakasirika. Nakuomba jambo moja tu: usimtume dereva peke yake. Njoo naye. Lala kwa Shangazi, halafu asubuhi utembee na sisi mpaka shuleni, uione njia na uwaone watu wanaotusindikiza. Ukitoka hapo, utakachosema nitakifuata.

Msalimie Bibi anayenidai nywele zangu azisuke, mwambie nitazileta mwenyewe likizo. Msalimie kaka yangu Masanja, fundi baiskeli, na umwambie hakuna fisi aliyenikimbiza, mimi ndiye niliyemkimbiza. Msalimie mdogo wangu Nyamizi. Kitanda changu asikizoee sana. Na Mama, kama bado umesimama nyuma ya kiti, msaidie Baba kusoma ile sehemu ya zamu mara mbili.

Barua hii anakuja nayo mama muuza mchele wa hapa jirani, mpeni maji ya kunywa. Begi nimelifungasha kama ulivyoagiza, nguo zote zimo. Vitabu bado viko mezani.

Binti yako anayekuheshimu na kukusubiri,
Milembe