Taa Uliyoizima, Yaya

Mpendwa yaya Faustin, kaka yangu mkubwa,

Jumapili iliyopita, kanisani hapa kambini Nakivale, walikuombea tena. Mchungaji alisema Mungu amekufungulia mlango wa Ulaya, watu wakapiga makofi. Dada yetu Furaha alikuwa ameketi mbele yangu na kitambaa chake cheusi. Hakupiga makofi. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningesema mambo yasiyosemwa kanisani. Nayasema hapa, na atakayesoma asome.

Mema yako sijayasahau. Tulipofika kambini kutoka Kivu, mimi sijui hata kuomba maji kwa Kinyankole, wewe ulifungua redio mbovu ya jirani, ukamenya waya kwa meno, ukauunga, ikasema. Baadaye ulinipokea mjini Mbarara, tukalala godoro moja kule Nyamityobora, ukanifundisha umeme wa magari kwenye gereji yako. "Usiogope fili," uliniambia, ukimaanisha waya. "Ufuate fili mupaka mwisho yake, itakuambia ukweli." Niliyashika maneno hayo kuliko mahubiri.

Unaikumbuka ile gari nyeupe ya mfanyabiashara wa Nyamitanga. Taa nyekundu ya mifuko ya hewa, ile mifuko inayofumuka kumkinga dereva gari ikigonga, ilikuwa haizimiki. Tuliazima mashine ya kusomea kompyuta za gari. Ikasoma injini, ikasoma breki, lakini kompyuta ya mifuko ya hewa haikujibu kabisa. Fundi mwingine angesema imekufa, inunuliwe nyingine. Wewe ulicheka. Ulifungua bateri, ukasema tunywe chai kwanza, umeme uliobaki uishe, mifuko isije ikatulipukia usoni. Kisha tukapima. Fyuzi ilikuwa nzima, moto wa umeme unafika, waya wa hasi umeshika vizuri. Zikabaki zile nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo kompyuta huongea kupitia kwazo, na mita ikaonyesha mmoja umekatika. Tuliinua zulia chini ya kiti cha dereva, tukaukuta umeliwa na maji, umeota kutu ya kijani. Siku ile nilijivunia kuwa mdogo wako.

Ilibaki kuunga tu. Ndipo nikaitwa Nakivale, mama anaumwa. Niliporudi, mashine ilikuwa imesharudishwa kwa mwenyewe. Uliwasha gari mbele yangu, taa ikawaka kidogo, ikazimika, kama inavyotakiwa. "Niliunga," ukasema.

Hukuunga, nilikuja kuligundua baadaye. Mwenye gari alikuwa na haraka ya kuiuza, nawe ukachukua waya wa taa ile ukaufunga kwenye taa ya oili, ambayo huzimika yenyewe injini ikiwaka, ili zizimike pamoja. Chini ya zulia hukugusa kitu.

Hilo peke yake tungegombana, likaisha. Lakini aliyekuja kuinunua ni Bahati, mume wa Furaha. Alikuuliza nikiwa nimesimama hapo: "Shemeji, unisemee ukweli. Hii gari iko muzuri?"

Ukamwekea mkono begani. "Panda, shemeji. Hakuna taa hata moja inawaka."

Alikuwa ndugu yako, yaya. Angekuuliza nani mwingine?

Ng'ombe walivuka barabara karibu na Rwekubo, Bahati akawakwepa, akagonga mti uso kwa uso. Alikuwa amefunga mkanda. Usukani ulimvunja kifua. Sisemi kwa hakika kwamba mfuko ungemwokoa, mimi si Mungu. Ila alipanda gari ile akidhani anao, kwa sababu ulimwambia hivyo.

Na msiba ulipofika, ulibeba jeneza. Ulikaa na Furaha, ukamshika mkono, ukala chakula cha matanga. Kisha safari yako ya Ulaya ikatoka, ukapanda ndege.

Mabaki ya gari yaliletwa gereji kuuzwa vipande. Niliifungua dashibodi mwenyewe. Mkono wako naujua, yaya, hata namna unavyozungusha utepe kwenye waya. Nilikaa kwenye kiti alichofia Bahati, nikaufungua utepe ule mzunguko kwa mzunguko, mpaka waya wa taa ya oili ukaonekana.

Nilikupigia simu siku ileile. "Batu bote banafanya vile," ulisema. "Mwenye gari ndiye alitaka."

"Na Bahati, yeye alitaka nini?"

Ukakata. Tangu hapo unanitumia picha za theluji.

Sasa gereji naiendesha mimi. Wateja wanakuja, "Fundi, zima taa tu, bas," nami nawaambia watafute fundi mwingine. Wengine wanaondoka wakinitukana. Waende.

Furaha nimemweleza yote. Alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini, akasema: "Batoto bananiulizaka baba yao alikufa namna gani. Siku zote nilisema ni ng'ombe. Sasa niseme nini?"

Swali hilo si langu kulijibu. Mpigie wewe, akuulize mwenyewe. Usianze na habari za baridi ya huko wala salamu za kanisa. Ukishamjibu, nami nitaipokea simu yako. Kabla ya hapo usinipigie.

Mungu akulinde huko uliko. Hilo bado naweza kuliomba; zaidi ya hilo sina.

Ni mimi, mdogo wako, mtoto wa mama yako.