Ng'ombe Uliyemleta kwa Mama

Mgwashi

Mjomba Kristian, shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei.

Huku mvua ni nzuri, maharage yamechanua. Yule ng'ombe uliyemwomba Mama akutunzie amezaa ndama jike. Ulimleta wiki ileile walipopita wapimaji wa kaya maskini. Walichungulia bandani wakasema, "Mama, wewe unajiweza," wakamwondoa kwenye ruzuku. Huko Rangwi walikuta banda lako tupu, wakakuandikisha.

Mama anasema, "Kaka yangu hana hila." Mimi sijui. Chuoni tulifundishwa kupima umaskini kwa mali iliyomo nyumbani. Kwa kipimo hicho ng'ombe ni wa Mama, na ndama pia. Ukija kuwachukua, njoo na wapimaji wako.

Mpwa wako,
Yusta