Maelezo Kuhusu Mzee Anayedaiwa Kufungiwa Ndani

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi
Umri: miaka 58
Kazi: mpiga pasi, duka la dobi
Makazi: nyumba ya kupanga nyuma ya soko, ghorofa ya pili
Anaishi na: peke yake

Ninaeleza kwa hiari yangu, ingawa kituoni sikuja kwa hiari.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu nilimpeleka mbwa wangu kwa daktari wa mifugo aondolewe uvimbe tumboni. Mbwa huyo anaitwa Mzee kwa sababu alizaliwa na mvi kidevuni. Naomba jina hilo liandikwe vizuri, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Upasuaji ulikwenda salama. Jioni alipozinduka kwenye nusukaputi nilimnyooshea mkono, akanipita, akaenda kujigonga ukutani. Daktari alimmulika tochi machoni, kisha akasema hutokea mara chache. Huenda macho yakarudi, huenda yasirudi. Nikamuuliza ni lipi kati ya hayo mawili. Akasema, "Mama, ningekuwa najua ningekuambia." Sina kesi naye.

Afande ameniuliza mbona majirani wanasikia sauti sasa na zamani kwangu kulikuwa kimya. Ni hivi. Tangu mume wangu afariki sikuwa na wa kuongea naye, na mimi na Mzee tulikuwa tunaelewana kwa macho. Nikitazama mlango, anainuka. Nikitazama bakuli, anajua. Macho yalipoondoka ikabidi nifungue mdomo. Nikawa namwambia kila kitu: hapo pana kiti, geuka, mimi niko huku, kula basi usininunie. Nilikuwa nimesahau sauti yangu inavyosikika nyumbani. Siku za kwanza ilinikwaruza koo.

Jirani wa chini, ambaye jengo zima tunamwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, alinisikia nikisema, "Mzee, usitoke huko, utaanguka," akajumlisha mwenyewe kwamba nimemfungia mzee wa watu ndani. Angebisha hodi angekunywa chai na kumwona. Miaka yote hiyo hajawahi kubisha, na hilo limeniuma kuliko kuitiwa polisi.

Leo saa tatu asubuhi walikuja askari wawili. Walitazama chini ya kitanda na ndani ya kabati, wakasogeza meza na viti vyote. Kidonda cha Mzee bado kibichi, nikaogopa atajigonga, nikamwambia asimame katikati ya chumba. Akasimama. Akishasimama hivyo hasogei mpaka nimwambie "haya". Bila neno hilo hanywi hata maji yaliyo mbele yake. Tangu awe kipofu amezidi kushika amri, nadhani kwa sababu anaiamini sauti yangu kuliko miguu yake.

Askari mmoja alicheka, akasema kumbe mzee mwenyewe ndiye huyu. Mwenzake akasema hata hivyo lazima nije kuandikisha maelezo ili jalada lifungwe, akanihimiza, nikachukua mtandio, nikafunga mlango. Neno lake nililikumbuka nikiwa tayari ndani ya gari. Niliomba turudi, nikaambiwa ni dakika tano tu. Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka sasa, saa saba mchana.

Afande amesema nimpigie mtu simu aende akamwangalie. Sina mtu wa kumpigia. Na hata ningekuwa naye, isingekuwa sauti yangu.

Naelekezwa nimalizie kwa kusema haya ndiyo maelezo yangu. Nimesema. Lakini "haya" ya Mzee bado ninayo mimi, na yeye bado amesimama.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye amekiri kuwa ni sahihi. Lalamiko la mtu kufungiwa ndani halina msingi na jalada limefungwa. Shahidi hakusubiri nakala.